Pasaka yetu ya kusimama, na siku mzee alipotuambia tukae

Wakuu habari za humu, wakubwa zangu shikamooni. Haya yametokea nyumbani kwetu Nyakasimbi, Karagwe. Sijaongeza chumvi.

Sisi ni Walutheri, wakulima wa kahawa na ndizi tu. Ila mzee wangu zamani alisoma kitabu cha Kutoka, akaamua Pasaka tuwe tunaila nyumbani kama Waisraeli.

Tunapaka udongo mwekundu kwenye miimo ya mlango, badala ya damu. Tunakula kondoo wa kuchoma na nyanya chungu. Viatu miguuni, fimbo mkononi, na wote TUMESIMAMA.

Kukaa ni marufuku. Dada yangu alisimama na mimba ya miezi minane. Majirani walikuwa wanatucheka eti tunasubiri basi la Kanaani.

Mwaka jana mzee akapata kiharusi. Upande wa kulia ukafa, maneno yakawa ya kuvuta.

Pasaka ilipofika mama akamwambia, "Baba Edina, mwaka huu tukae tu. Mungu anaona."

Mzee akatikisa kichwa, akanyoosha mkono mzima tumwinue.

Mimi na kaka tukamshika makwapani. Alikuwa mwepesi mno. Iliniuma sana.

Sasa kwetu hakuna anayegusa chakula mpaka mzee ameze tonge la kwanza. Mama akamlisha nyama, ikatoka. Akajaribu tena, ikatoka. Watoto wanatazama sinia, nyama inapoa, na sisi tumeanza kuchoka kumshikilia.

Mzee akatuangalia mmoja mmoja. Akasema, "Kaeni."

Hakuna aliyekaa. Akarudia kwa hasira, basi tukamkalisha na sisi tukakaa. Akageukia ukutani, machozi yanamtoka. Mama akatuambia tule hivyo hivyo. Nyama ile niliimeza kama dawa.

Nilichojifunza wakuu: mila ya familia mkimwachia mtu mmoja aibebe, siku akichoka mnabaki mnatazamana. Sisi wote tulikuwa tunamfuata tu yule mzee.

Bado yupo hai, ila sasa haongei kabisa, na Pasaka nyingine imekaribia. Jana mama kanipigia, anauliza mwaka huu tunasimama au tunakaa.

Mliouguza wazazi, nyie mngemjibu nini? Naomba mawazo yenu, kejeli hapana. Mimi nilimwambia mtandao unasumbua, nikakata simu.