Bi Salamu na Wataalamu wa Ng'ambo

Wifi yangu, mke wa kaka, ni mkaguzi wa kodi, ila kazini wanamwita Bi Salamu. Akiingia humsalimu bawabu, mfagizi, karani, kila mtu na habari zake: mguu umepona? Mtoto kaanza shule? Wenzake humtania, "Bi Salamu, ukifika mezani kwako tutakuwa tunafunga ofisi!" Yeye hucheka tu.

Sasa nisikilizeni. Alipewa faili la kiwanda cha sabuni. Sabuni yake haikosekani bafuni kwa mtu, lakini kila mwaka kiwanda kinasema hakikupata faida, kwa hiyo hakina kodi ya kulipa. Kumbe faida yote huhamishiwa kampuni dada ng'ambo, ambako kodi ni kama hakuna, eti ni ada ya wataalamu wanaokishauri.

"Wifi, hao wataalamu wangekuwepo kweli, nisingesema neno," aliniambia. "Nitajuaje?" Tena bosi alishachoka: yamebaki mahojiano ya mwisho, kwa video. Asipopata kitu faili linafungwa, naye anarudishwa dirishani kupokea fomu.

Siku ikafika. Kwenye skrini akatokea meneja wa ng'ambo, tai shingoni, tabasamu hadi masikioni. Wakili wa kiwanda alikaa karibu na wifi.

"Twende kwenye hesabu," akasema wakili.

"Salamu kwanza, ndugu yangu. Meneja, hujambo? Na wataalamu wako je? Waite niwasalimie."

Meneja akakohoa. "Wametoka kidogo."

"Wote?"

"Wamekwenda kula."

"Haya, tutawasubiri. Chai yangu bado ya moto."

Wakasubiri. Wakili akawa anatazama dari. Mara nyuma ya meneja mlango ukafunguliwa, akachungulia mwanamke mwenye funguo. Wifi akampungia mkono. "Hujambo, dada! Wewe ndiye mtaalamu wa sabuni?"

"Mimi? Mimi nakodisha vyumba," akajibu yule dada. "Bwana huyu kachukua hiki kwa saa moja tu, na kuna wengine wanakingoja."

Wakili akafunika kalamu yake taratibu. "Mama," akasema, "naona tuzungumze."

Wakazungumza, na kiwanda kikakubali: faida ihesabiwe hapa ilipopatikana, na kodi ilipwe hapa.

Dirishani wifi hakurudi. Siku hizi bosi ndiye anayemwahi mlangoni kwa salamu, faili jingine kwapani.