Volti za Chumba cha Nyuma

Chumba changu kilikuwa nyuma ya duka la baba la ushonaji, mtaa wa Biryogo, na hakikuwa na dirisha. Mwaka ule nilikuwa na jambo moja tu kichwani: kutoka humo. Ofisi moja ya wachora majengo, kule Kinyinya, ilinipa jaribio. Niwatengenezee video ya jengo lao, mtu aone kama anatembea ndani chumba kwa chumba, na niilete Jumatatu. Wakiipenda, wananiajiri. Ningekuwa na meza na basi la kupanda asubuhi kama watu wengine.

Kwa mwendo wake wa kawaida kompyuta yangu isingemaliza, basi nikaamua kuipandisha kasi. Ni kazi ya kubembeleza hiyo. Prosesa, ubongo wa mashine, ukiipa volti kidogo inakata roho katikati ya hesabu. Ukiipa nyingi inachemka mpaka chumba kinanuka plastiki. Ramu nazo, vile vibao vya kumbukumbu, zina deko lao. Zangu zilikuwa mbili za kampuni tofauti, kama wake wenza: kila mmoja mpole akiwa peke yake, ukiwaweka pamoja ni balaa.

Ijumaa, baba na mafundi wake walipokwenda msikitini, uchochoro mzima ukatulia. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaongeza hapa, nikapunguza pale, kisha nikawasha programu ya kuitesa mashine. Ikahimili mpaka waliporudi. Nikapiga vigelegele peke yangu. Baba akachungulia: "Iko nini? Umeposwa?"

"Bora zaidi," nikamwambia.

Jumamosi asubuhi nikaanza kazi yenyewe, na skrini ikawa buluu: mashine imeanguka. Nikawasha tena, buluu. Nikapunguza kasi ya ramu, nikachomoa moja, nikairudisha, nikazitukana zote mbili. Wallahi nilitaka kuitupa barabarani.

"Haraka haraka haina baraka," baba akasema nyuma ya pazia.

"Baraka haijaambiwa mwisho ni Jumatatu!"

Akacheka. Mimi sikucheka. Nilikosa pumzi humo ndani, nikajiona nazeeka palepale nikishona vifungo vya makoti ya watu.

Mara taa ya chumba ikafifia, na kompyuta ikazimika saa ileile. Upande wa pili nikasikia pasi ya baba ikitoa mvuke. Mana yanjye, Mungu wangu! Waya mmoja ulilisha duka na chumba changu. Ijumaa nilikuwa nimeipima mashine mtaa mzima ukiwa kwenye sala, pasi zote baridi. Mipangilio ile ilifaa saa ya Ijumaa tu; ilibidi niipange upya pasi ikiwaka.

"Baba, piga pasi."

"Nimeshamaliza."

"Anza upya, nakuomba."

Akanitazama, akachukua koti lililokwisha kunyooka, akalipiga tena, kisha lingine. Mimi nikashusha kasi kidogo, nikaongeza volti kiduchu, nikaziacha ramu ziende mwendo wa wazee. Kila taa ilipofifia nilishika meza kwa mikono miwili. Mashine ikahimili. Baba hakuuliza sababu; alipiga pasi mpaka jasho likamtoka, huku akiniombea dua kwa sauti.

Jumatatu nikawapelekea video. Bosi aliitazama mara mbili, akauliza nimetumia mashine gani. Nikamweleza kwa fahari, na volti zake zote.

"Zetu hapa zingechukua wiki nzima," akasema. "Kazi umepata, dada. Ila usihangaike na basi. Fanyia hukohuko nyumbani, sisi tutakutumia michoro."

"Na meza?"

"Meza ya nini? Hapa penyewe tumebanana."

Nikasema asante. Nikampigia baba simu, kwa kuwa alikuwa akingoja, akapiga takbira mpaka nikaiweka simu mbali na sikio. Sikutaka kufika haraka. Nikatembea sehemu kubwa ya njia.

Nyumba yetu ilikuwa ya kupanga, na hata kugonga msumari tulikuwa tumekatazwa. Nilipoingia, baba alikuwa ameshamwangukia mwenye nyumba, akakubaliwa, na fundi wa umeme alikuwa chumbani kwangu akivuta waya mpya, wangu peke yangu, pasi isije ikanisumbua tena. Baba alikuwa analia kwa furaha.

"Si nilikuambia riziki yako itakufuata hapahapa? Haya, soketi unaitaka upande gani? Chagua vizuri, mwanangu. Ukuta ukishatobolewa ndiyo basi."

Nikazitazama kuta zile nne zisizo na dirisha. Nikanyoosha kidole.