Kiganja Kwenye Ukuta wa Koko

Fundi alinipigia simu nikiwa Kitengela. "Mzee, kuja Bisil uone hii ukuta kwanza. Sitaki kuangusha kitu alafu unilaumu." Nikaguna. Nilikuwa nimemwambia wazi: nyumba ya nyanya ikarabatiwe, isibomolewe. Lakini mafundi wetu unawajua, ukigeuka tu wameshashika sururu.

Nilimkuta amebandua kartoni alizopachika mama kuzuia upepo. Nyuma yake kulikuwa na rangi ya buluu aliyopaka baba mwaka alioleta mabati. Alipaka ukuta mzima, akaruka sehemu moja tu. Pale karibu na mlango, kwenye udongo mtupu, palikuwa na kiganja cha mtoto, vidole vitano vimezama.

Koko, ndivyo tulivyomwita nyanya kwa Kimaasai, alikandika ukuta huo kila mvua zilipokaribia. Samadi mbichi ya ng'ombe, majivu na udongo. Mimi nilileta maji, dada yangu alikandika, yeye akiwa na miaka tisa hivi. Mikono ilinuka mpaka saa ya chai, na tulishika vikombe vivyo hivyo. Koko hakuwa na subira hata kidogo. "Lainisha! Ukiacha shimo, mvua italala na wewe." Siku moja dada alichoka, akaegemea ukuta mbichi. Koko akafoka kwamba ameacha alama kama mwizi, kisha akacheka mpaka ugoro ukamwagika. Akasema atapasawazisha kesho.

Kesho yake dada aliamka na homa. Siku ya nne hakuamka.

Koko hakupasawazisha tena. Na kwetu, mtoto akifa jina lake halitajwi. Nililitaja mara moja, nikimwita twende kuchunga mbuzi, na Koko akaniziba mdomo kwa mkono ulionuka maziwa. "Huyo haitwi tena." Nilikuwa na miaka mitano. Nikatii. Wacha tu, nilitii kupita kiasi.

Fundi ni mtu mwema, lazima nikiri. Alizungushia kiganja kile simiti nadhifu kama fremu ya picha, akaokota msumari. "Niandike jina gani hapa chini? Haraka kidogo, inakauka."

Nikalitafuta jina la dada kichwani. Lilikuwa limepotea.

Nilikimbia kwa jirani, mama mzee aliyebaki peke yake katika rika la Koko. Nikamuuliza. Akatikisa kichwa. Sijui alikataa ama alisahau, na niliona aibu kuuliza mara ya pili. Koko, baba na mama wote wako chini ya ardhi. Dada hakuwahi kupigwa picha. Shule hakufika.

Niliporudi simiti ilikuwa imeshika. Fundi akasema pole, tutachonga siku nyingine.

Sasa nyumba ina mabati mapya na vigae sakafuni, upepo hauingii, na watu wa Bisil wananipongeza kwa kutunza ya wazee. Mimi huketi pale mlangoni, karibu na ile fremu tupu. Bado nasikia sauti ya dada kutoka zizini, akinihimiza nilete maji, akitamka jina langu lote bila kukosea. Nami siwezi kumwita.