Mguu wa Nne

Juzi, katika karakana moja hapa Kakamega mjini, nilimwona fundi akikereza mbao huku amefumba macho. Nikacheka peke yangu.

Baba alikuwa na mashine ya kukereza nyuma ya nyumba yetu, Malava. Alasiri moja alikuwa amemaliza miguu mitatu ya kiti cha kukhu, mama yake, mkono ukateguka. Akanipa patasi mimi, ambaye sikuwa nimewahi kukereza chochote.

"Malizia huo mmoja, Nekesa."

Niliisukuma patasi kwa nguvu. Ikanasa, mbao ikapiga kelele na kuchomoka.

"Usisukumange," Baba alisema, akiifunga mbao upya. "Wacha mti ukuje wenyewe."

Kisha akaketi, akafumba macho. Nilidhani hawezi kuvumilia kuniona nikimharibia kazi. Nikaudhika, nikaazimia kumwonyesha. Nililegeza mikono. Harufu ya saiprasi ikapanda, maranda marefu yenye joto yakaniangukia miguuni, na ule mkwaruzo ukageuka kuwa mvumo laini.

"Hapo hapo! Zima," Baba alisema, macho yangali yamefumbwa.

Leo mimi mwenyewe ni fundi, na ninajua alikuwa akisikiliza. Patasi ikikata sawasawa, sikio hutangulia jicho kujua mguu umekamilika.

Jioni kukhu alikalia kiti, akajitikisa makusudi. Kikatulia.

"Nani ametengeneza?"

"Nekesa," Baba alijibu. Ile miguu yake mitatu hakuitaja.