Kisanduku Nilichokiacha Wazi

Mimi shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza, maana ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa na baba yangu hakuwa mtu wa kusubiri. Kusoma najua. Kuandika najua, ila polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Basi walipokuja kuniambia kwamba hapa Mbinga kutatolewa tuzo kwa watu wanaojitolea, na mimi niwe mmoja wa waamuzi, nilicheka mpaka nikakohoa.

"Tunataka mzee wa kawaida, babu," aliniambia afisa wa maendeleo ya jamii. "Tusijae wenye ofisi peke yetu."

"Wa kawaida kweli mmempata. Hata viatu nitaazima."

Na niliazima kweli, vya jirani yangu, mtu wa miguu midogo. Nikachechemea wiki nzima, watu wakanipa pole ya uzee.

Waamuzi tulikuwa watatu. Huyo afisa, dada mchapakazi aliyehamishiwa kwetu kutoka kaskazini, hajatimiza hata mwaka. Mwalimu mstaafu, Mmatengo mwenzangu, ndiye mwenyekiti. Na mimi. Kila mmoja alipewa karatasi yenye majina, na mbele ya kila jina kisanduku cha kuandika alama, mwisho kumi. Mshindi angenunuliwa chombo cha kazi yake, chochote anachokihitaji. Majina yalikuwa ya mjini na ya majirani zetu wa Nyasa, kule chini ziwani.

Mwalimu akayasoma kwa sauti. La tano lilikuwa la mkwe wangu, mke wa marehemu mwanangu.

Hapa lazima nieleze, maana najua vijana mtauliza. Kwa ukoo wetu, baba hamtaji mke wa mwanawe kwa jina. Hamtazami usoni, hakai naye chumba kimoja. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kwenye majani mpaka mwenzake apite. Na mbele za watu humsemi, kwa baya wala kwa jema. Wengi wameacha. Kuna mzee mwenzangu anakula meza moja na wakwe zake, wanamwita "mzee baba" na kumpiga begani. Mimi sikuweza. Kumsema mkwe mkutanoni kwangu mimi ni kama kuvua nguo.

Mwalimu alinitazama juu ya miwani, akaninong'oneza.

"Huyu si ndiye?"

"Ndiye."

"Basi alama zake tuachie sisi. Siku ya kuamua nitamweleza mwenzetu."

Nikashukuru, nikaona mambo yamekaa sawa.

Mwanangu alishuka ziwani kijana, akaoa Ngumbo, akajenga huko huko. Tulimwambia nchi ile ina joto na mbu, akasema na huku kwetu kuna baridi na maneno. Masika moja tumbo lilimshika. Barabara imekatika, wakambeba kwa machela kwenda zahanati, matope yanafika magotini. Hakufika. Kwa maji ingekuwa safari fupi tu, lakini siku hiyo kila mwenye mtumbwi alikuwa na shughuli yake. Mkwe wangu alikaa eda yake kimya. Alipomaliza akachukua mtumbwi wa marehemu, akaanza kubeba wagonjwa. Wajawazito, wazee, watoto wenye degedege. Hakuna aliyemtuma. Mwanamke mwembamba, na kasia moja. Mimi haya niliyasikia kwa watu tu, maana kumuuliza mwenyewe nisingeweza.

Tulikwenda kuwaona waliopendekezwa kwa gari la ofisi. Mwalimu magoti yalimkataza, kwa hiyo Ngumbo tukaenda wawili, mimi na afisa. Tulipofika uani, mkwe wangu alikuwa anaanua usipa, dagaa wa ziwani, kwenye chanja. Akaniona. Akaweka ungo chini, akajifunika khanga, akazunguka nyuma ya jiko. Nami nikageuka nikatazama ziwa.

"Mbona anatukimbia?" afisa akauliza.

Ningeweza kumweleza. Lakini kueleza nako ni kumsema. Nikakohoa tu.

Wanawake wa jirani walishajaa. Bibi mmoja mnene, rafiki wa mkwe wangu, ndiye aliyekuwa msemaji.

"Huyu ukimkuta asubuhi usikohoe! Ukikohoa tu ameshakutupa mtumbwini. Mimi alinibeba na jino. Jino, mwanangu! Nikatapika njia nzima, kufika zahanati jino limesahau kuuma."

Wakacheka. Afisa akafungua daftari.

"Ameshabeba watu wangapi, mama?"

"Tunahesabu mbuzi, mwanangu. Watu hatuhesabu."

"Nahitaji idadi."

"Andika wengi."

"Na akishinda, anahitaji chombo gani?"

Hapo yule bibi akasema bila utani, "Injini ya mtumbwi. Bega lake la kulia limekwisha. Hataki kusema, lakini usiku anakandwa na maji ya moto kama mzazi. Masika ijayo hatavuka kwa kasia. Bila injini, basi."

Nililisikia hilo kwa masikio yangu, tena vizuri, maana nilikuwa nimewapa mgongo na upepo unatoka kwao.

Njia nzima ya kupanda afisa alikuwa ananitupia jicho. Tulipofika kona za juu, baridi inaanza, akasema, "Babu, nimeambiwa yule ni mkweo."

"Ndiyo."

"Ni mtu mzuri?"

Mtu akikuuliza hivyo utamjibu nini? Nilitaka kusema yule ni zaidi ya mzuri. Nikasema, "Mwalimu atakueleza."

Siku ya kuamua, mwalimu akafiwa na kaka yake kijijini. Alituma karatasi yake ndani ya bahasha. Maelezo hakutuma, na nani angekumbuka maelezo ya mkwe wa mtu, kaka yako yuko kitandani amefunikwa shuka? Tukabaki wawili ofisini, na chai, na mandazi yaliyolala. Nilijaza visanduku vyangu vyote polepole. Kikundi cha vijana wanaofagia stendi na kupanda miti nikakipa nane, kwa sababu siku tuliyowatembelea walifagia kwa bidii mpaka wakamfagia na afisa viatu. Cha mkwe wangu nikakiacha wazi. Akilini mwangu, kisanduku kitupu ni mimi nimetoka nje, nimesimama barazani, waliomo ndani waamue. Ndivyo tunavyofanya kwenye kikao cha ukoo. Linapofika jambo la mkweo unanyanyuka, unatoka, na hakuna anayehesabu kiti chako kitupu kuwa ni neno baya.

Afisa aliipokea karatasi, akakitazama kile kisanduku muda mrefu.

"Hapa babu umeacha."

"Nimeacha."

"Kwa kujua?"

"Kwa kujua kabisa."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa siri.

Sherehe ilifanyika ukumbini, kwa kwaya na soda. Vijana wa stendi wakashinda, wakapewa mashine ya kukata majani. Nikapiga makofi. Nilijua waamuzi wenzangu wameona hivyo, na mtu hawezi kugombana na alama. Mkwe wangu hakupanda, aliwakilishwa na yule bibi mnene, ambaye alikaa mwisho kabisa na kikapu chake, akaondoka kabla ya picha.

Afisa alikuja kunishika mikono miwili.

"Shikamoo tena, babu. Asante kwa uaminifu wako. Yule wa Ngumbo alitusumbua. Mwalimu alimpa tisa, mimi tisa. Lakini nikajiuliza, baba mkwe wake mwenyewe, anayemjua ndani na nje, ameshindwa kumpa hata moja, tena anaulizwa hataki kujibu. Lazima kuna jambo. Nikaandika sifuri kwenye kile kisanduku chako."

Nilimwambia. Pale pale, mbele ya watu wenye soda, nikamweleza habari zote za ukwe, naona aibu mpaka masikio yanawaka. Akaketi. Akasema, "Babu, kwa nini hukuniambia garini?" Macho yakamjaa maji. Simlaumu. Alisoma karatasi kama alivyofundishwa kusoma karatasi. Akahangaika baadaye kutafuta injini huku na huku, akaandika barua, mpaka akahamishwa.

Masika ikaja. Nilipata habari sokoni, kwa mchuuzi wa usipa anayepanda kutoka Mbamba Bay. Mjamzito mmoja wa Ngumbo, uchungu umemshika, mvua inamwaga. Mkwe wangu akaingia majini vile vile na bega lile. Nusu ya njia mkono ukakataa. Mtumbwi ukawa unarudishwa na mawimbi, yeye anapiga kasia kwa mkono wa kushoto. Mama alipona. Mtoto alizaliwa humo mtumbwini, hakulia.

Kuna njia ya kufungua ukwe, ukitaka. Unapeleka kuku, mnakula pamoja, basi mnatazamana kama watu. Nikachukua kuku, jike jeupe zuri, nikapanda basi dogo la kushuka. Nilitaka nimwambie kwa mdomo wangu kwamba kile kisanduku ni changu.

Nilimkuta. Akajifunika, akaingia jikoni. Yule bibi mnene akanipa kigoda nje, nikaketi, tumetengwa na ukuta wa matete. Nikamtuma bibi ayapeleke maneno yangu. Nikaeleza kisanduku, nikaeleza sifuri, nikaeleza kuku. Bibi akaingia, nikasikia anayarudia yote, hakupunguza.

Kisha nikasikia sauti yake. Miaka yote hiyo sikuwahi kuisikia karibu hivyo. Sauti nyembamba, imechoka.

"Kuku hapana. Anayefungua ni mume, na mume hayupo. Na umuulize baba. Angekuwa mwanawe ndiye yumo mtumbwini siku ile, na mimi ndiye napiga kasia, angekiacha wazi?"

Ukuta wa matete hauzuii kitu. Nililisikia kila neno, na yeye alijua nalisikia. Lakini maneno ya mkwe hayajibiwi mpaka yaletwe. Nikangoja yaletwe. Nilikuwa na jibu tayari, limenikaa kwenye ulimi, hapana, nisingekiacha, ningekijaza mpaka karatasi itoboke.

Bibi akatoka. Alisimama mbele yangu anajifuta mikono kwenye khanga, mikono ambayo haikuwa na maji. Akanitazama, nadhani akaona uzee.

"Anasema karibu chakula, baba. Anasonga ugali."

Swali hakulileta. Nikashika kofia yangu, nikanyanyuka.

"Mwambie nashukuru," nikasema.