Mafuta ya Papa Kwenye Breki

Pikipiki niliinunua kisiwani Pate, ikiwa imeshapita mikononi mwa watu wawili, na kila mmoja aliiachia ugonjwa wake. Hayo niliyajua tangu mwanzo. Nisilolielewa ni kwa nini kila jioni niliikaza breki ikashika, na kila asubuhi nikaikuta haishiki.

Zahanati ya kwetu Matondoni ilikuwa imenikubalia kazi ya kuleta dawa kutoka mjini Amu, kwa sharti moja: pikipiki iwe na cheti cha ukaguzi wa mwaka kabla mwezi haujaisha. Zilibaki siku kumi. Nilikuwa nimekaa bila kazi ya maana muda mrefu, na nilichoka kuulizwa na kila mpita njia siku hizi nafanya nini.

Basi nikaanza. Nikabadilisha tairi la nyuma, nikafunga vioo, nikahangaika na indiketa ya kushoto iliyokuwa ikiwaka inapojisikia. Namba ya chesisi nikaisugua mpaka ikasomeka. Breki ndiyo iliyonishinda akili. Fundi wa mjini aliniambia kwa simu kuwa shuu za breki ni mpya, nisizichokoze, nikaze tu. Nikakaza. Kulipokucha ikateleza. Nikakaza tena, nikaanza kujiuliza kama ni mimi niliyepungukiwa.

Halafu nikaanza kumshuku baba. Baba alikuwa kalafati, mtu wa kuziba nyufa za mbao za vyombo vya baharini kwa pamba na mafuta, mpaka mikono yake ilipoanza kutetemeka akaacha. Tangu hapo alikuwa mtu wa maneno machache, na pikipiki yangu hakuipenda. Aliiita "lichuma". Asubuhi mbili nilimkuta amesimama kando yake baada ya sala ya alfajiri, na aliponiona akaondoka. Nikamdhania kwamba anailegeza breki makusudi, nisipate kazi. Nikasema astaghafirullah. Kesho yake nikamdhania tena.

Siku ya ukaguzi tuliipakia mashuani, watu watatu na kamba, tukavuka hadi Mokowe, upande wa bara. Mkaguzi akajaribu taa, akapiga honi, akainama chini ya tangi. Akasema hajapata kuona pikipiki ya visiwani isiyo na kutu hata chembe. Nikafurahi, na nikashangaa, maana kutu mimi sikuigusa. Kisha akaniambia niiendeshe, nikifika kwenye mstari mweupe nisimame. Niliupita mstari, nikampita na mwenzake aliyeshika karatasi, nikaenda kusimamishwa na ua wa michongoma.

Mkaguzi akachuchumaa kwenye gurudumu, akapitisha kidole, akanusa. "Wewe bwana, hii umeipaka nini? Inanuka samaki!"

Nikanusa na mimi. Ilikuwa sifa, mafuta ya papa tunayopaka mbao za vyombo zisiharibiwe na maji. Kwetu Matondoni kila kitu kinanuka sifa, nguo, milango, mpaka chai, ndiyo maana siku zote zile pua yangu haikuniambia kitu. Mkaguzi akanipa siku mbili niirudishe.

Nilivuka kurudi na maneno makali tayari mdomoni. Baba alikuwa amekaa pwani ananingoja, jambo ambalo hakulifanya tangu nilipokuwa mwanafunzi. Kabla sijashuka akauliza, "Imepita?"

"Haikupita! Baba, umetia sifa kwenye breki!"

"Nimeipaka yote," akasema. "Kulla penye upenyo nimetia pamba ya sifa. Ni chombo gani kishushwacho pwani hakiyapakwa sifa? Wewe utapita ndia ya pwani na dawa za watu. Nikasema isiharibike ndiani."

Nilishuka, nikasimama na maji magotini. Hasira ilikuwa ingalipo, lakini sikuwa na pa kuiweka. Niliona aibu pia, kwa niliyokuwa nimemdhania.

"Breki hutakiwa iwe kavu, Baba."

"Sikuyua," akasema, akaitazama mikono yake.

Tulilifungua gurudumu pamoja. Pamba ilitoka vipande vipande, imeshindiliwa kwa ustadi kila palipokuwa na upenyo, na nikajua amechukua alfajiri nyingi kwa mikono ile. Tukaziosha shuu kwa petroli, kisha akaninyang'anya msasa. Alizisugua yeye, zote, na kwa msasa kutetemeka hakukumzuia kitu.

Kesho yake nikavuka tena. Kwenye mstari mweupe pikipiki ikasimama ghafla, nusura nipite juu ya usukani. Mkaguzi akacheka, akanipa cheti.

Nyumbani nikakiweka cheti mbele ya baba. Hakukitazama.

"Na kutu?" akauliza.

Nikamwambia alivyosema mkaguzi: hajapata kuona pikipiki ya visiwani isiyo na kutu hata chembe.

Akaweka mkono nyuma ya sikio, akaniambia nirudie, hakusikia vizuri. Masikio ya baba hayakuwa na tatizo lolote. Nikarudia.