Siku nilicheza Zimamoto kwa mashine nyeusi ya watu wa Mwiki, na adhana ikalia nikiwa ngazini

Rafiki yangu unayesoma hii, kaa hapo karibu nikuambie kitu sijawahi kuandika mahali popote. Nakuamini. Wakuu wengine wote pia karibuni, salamu kwenu.

Nimefunga mtandio vizuri na nimeweka chai. Sitaongeza chumvi. Kuna watu wawili bado wako hai wanaweza kunikosoa.

Kilichonifanya niandike ni msichana wangu. Jana alinionyesha video, mtu ameweka game moja ya zamani kwa screen mara mbili, huku version ya console hii, huku version ya ile nyingine. Anapima rangi, anapima sauti. Halafu nikasoma comments. Wueh! Watu wazima wanatukanana mama kwa sababu ya game ya miaka ya tisini!

Nikacheka mpaka nikalia. Kwa sababu sisi tulifanya hiyo vita, Kiganjo na Mwiki, kabla hao wote hawajajua kuandika.

Sasa nianze.

Ilikuwa mwisho mwisho wa miaka ya tisini, ile miaka Ramadhani ilikuwa inaanguka likizo ya Disemba. Mimi nilikuwa na miaka kumi na nne. Tulikuwa tunakaa Kiganjo, Thika, nyumba ya vyumba viwili na sebule. Ndugu yangu Idi alikuwa ananizidi miaka mitatu.

Tulikuwa na console. Ya kijivu. Mjomba alituletea ikiwa second hand na kaseti mbili, moja ilikuwa imekufa.

Ile nzima ilikuwa na maandishi ya kijapani, hakuna mtu alijua jina lake. Sisi tuliiita Zimamoto. Ni mtu wa kuzima moto, ana shoka na mpira wa maji, anapanda jengo refu linaungua. Kila ghorofa kuna watu wanapunga mikono dirishani. Unawaokoa, unapata mlango, unapanda ngazi, ghorofa inayofuata. Una maisha matatu tu. Hakuna save. Ukifa mara tatu unarudi chini kabisa.

Hakuna mtu kwetu alikuwa amefika juu.

Sasa shangazi yangu, dadake baba, alikuwa ameolewa Mwiki kule Ruiru. Kijana wake ni Salim, rika ya Idi. Na kwao kulikuwa na ile console nyeusi, ya kampuni pinzani.

Na kaseti gani? Zimamoto hiyo hiyo!

Lakini haikuwa hiyo hiyo, wakuu. Hapo ndipo vita ilitoka.

Ya kwetu, ya kijivu, ilikuwa na rangi hata Eid haina. Moshi ulikuwa moshi kweli, unaona mtu ndani yake kwa mbali. Muziki wake filimbi na sauti tamu. Lakini moto ukiwa mwingi, mashine ilikuwa inachoka. Kila kitu kinaenda polepole, zimamoto anatembea ni kama yuko ndani ya uji.

Ya kwao, nyeusi, rangi zilikuwa chache, moshi umechorwa vidoti vidoti kama neti ya mbu. Mtu akipiga kelele ya kuokolewa, sauti inatoka kama redio imeisha betri. Lakini mbio! Haichoki hata moto ujae screen. Na ngoma zake zilikuwa nzito mpaka kabati ya vyombo inatetemeka.

Idi alikuwa anasema ya Mwiki ni feki, walinakili ya kwetu vibaya.

Salim alikuwa anasema ya kwetu ni ya kulea watoto.

Walibishana Eid mbili nzima. Hakuna aliyekuwa ameshika ya mwenzake hata mara moja!

Hiyo Disemba shangazi akaja kukaa kwetu wiki nzima tufuturu pamoja. Salim akashuka na begi. Ndani ya begi, imefungwa kwa taulo, nyeusi.

"Leo tunajua mwenye game," akasema hata kabla ya kumsalimia Shosho.

Shosho, mama ya baba, akamwambia, "Hiyo taulo si ndiyo nilikupea ya kuogea?"

Tulicheka mpaka tukakumbuka tuna njaa.

Mama yangu ndiye aliweka sheria. Mama hakuwa anajua game, lakini alikuwa amechoka na kelele. Alisema, "Dereva anajulikana kwa gari lake mwenyewe? Kila mtu acheze kwa mashine ya mwenzake. Anayefika juu zaidi ndiye anajua."

Idi na Salim wakaongeza zao. Mshindi anabaki na mashine zote mbili mpaka shule zifunguliwe. Mchezo mmoja kila mtu, maisha matatu, na ikifika adhana ya Magharibi kama hujacheza umeshindwa.

Mkumbuke Disemba ile shule zilikuwa zinafungwa wiki nyingi. Kukaa hizo wiki bila Zimamoto! Mimi niliyekuwa nacheza kwa kuiba, Idi akienda mpirani, roho yangu iliruka. Hiyo mashine ilikuwa ya Idi kwa jina, lakini mikono iliyokuwa inaijua ilikuwa yangu. Hilo hakuna aliyejua isipokuwa Mama.

Siku yenyewe, baada ya Alasiri, Salim akaketi na pad ya kijivu, ile ya kubonyeza mkononi.

Ghorofa ya kwanza mpaka ya sita alipita kama mtu anashuka mteremko. Kufika ya saba, moto ukajaa, mashine yetu ikachoka kama kawaida yake. Yeye amezoea mbio. Akaruka mapema, akaanguka.

"Imelala! Mashine yenu imelala!" akapiga kelele.

"Iamshe basi," nikamwambia.

Lakini kijana alikuwa fundi, lazima niseme. Alijifunza haraka. Alifika ghorofa ya kumi na moja kabla maisha ya tatu haijaisha. Kumi na moja! Idi kwa mashine yake mwenyewe alikuwa anafika kumi.

Na Idi mwenyewe yuko wapi? Asubuhi Baba alimtuma Gatuanyaga na baiskeli, kuleta maziwa ya futari kwa mtu wetu wa ng'ombe. Alifaa kuwa amerudi saa tisa. Saa kumi hayuko. Saa kumi na moja hayuko. Baadaye tulijua cheni ilikatika huko kwa vumbi, akasukuma njia yote.

Salim akachomoa waya za kijivu, akachomeka nyeusi yake kwa TV yetu ya inchi kumi na nne, akaweka pad juu ya meza. Akaanza kuangalia dirisha. "Jua linaenda, Zuu. Mwambie ndugu yako Mwiki wanamsalimia."

Nilikaa hapo naangalia ile pad, wakuu. Nikaenda jikoni.

"Mama, wacha nicheze kwa niaba ya Idi."

Mama alikuwa anakanda unga wa mahamri. Hakuinua kichwa. "Utaweza?"

"Sijui. Ya kwao sijawahi kushika."

"Cheza. Lakini adhana ikilia, unainuka. Hata kama umebakisha mlango mmoja."

Nikamwambia sawa. Nilisema sawa haraka sana, ile sawa ya mtu hajafikiria.

Salim aliponiona nimekaa akacheka mpaka akashika mbavu. "Kasichana! Haya, bismillahi, ungua."

Na nikaungua kweli. Ghorofa ya tatu nikafa. Ya tano nikafa tena. Kwa kijivu nilikuwa nasubiri mashine ichoke ndiyo niruke, macho yangu yalikuwa yamezoea hivyo. Hii haichoki! Moto unatoka ukutani kabla hujafunga mdomo.

Maisha ikabaki moja. Salim amelala kwa kochi anaimba.

Hapo ndipo nikasikia ngoma.

Sisi wasichana wa madrasa tulikuwa tunapiga dufu kwa maulidi na kwa harusi. Mkono wangu unajua dufu kabla kichwa hakijajua. Na ile ngoma nzito ya mashine nyeusi ilikuwa inasema dum, dum, tak. Dum, dum, tak. Nikaangalia moto. Moto ulikuwa unatoka kwa tak!

Kwa ya kwetu hiyo haiwezekani. Mashine ikichoka, moto unapunguza mwendo lakini muziki unaendelea, kwa hivyo ukifuata sikio unakufa. Ya kijivu unacheza kwa macho. Ya nyeusi unacheza kwa sikio!

Na Salim hakuwa anajua! Yeye alikuwa na mbio ya mkono tu.

Nikaacha kukimbizana na moto, nikaanza kupiga dufu. Dum, dum, nasimama. Tak, moto unapita. Natembea. Ya sita. Ya saba. Ya nane nikaokoa watu wote dirishani. Kufika ya tisa Salim ameacha kuimba. Kufika ya kumi ameketi chini kando yangu, mdomo wazi.

Ya kumi na moja. Tumefungana. Nikapita nyoka wa moto anayelinda mlango wa hiyo ghorofa, nikavunja mlango kwa shoka, nikakanyaga ngazi.

Allahu akbar, Allahu akbar. Kutoka msikitini.

Salim akanong'ona, "Maliza Zuu. Hatua mbili tu."

Alikuwa ananijaribu ama alikuwa anataka aone? Mpaka leo sijamuuliza.

Nilibonyeza pause, nikaweka pad chini, nikainuka. Iliniuma kama kung'oa jino. Lakini nilikuwa nimempa Mama neno, na Mama alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya tende.

Tukafungua kwa tende na maji, tukaenda kutawadha. Salim alienda wa mwisho.

Sasa sikilizeni kosa letu. TV yetu ilikuwa imekaa ukuta wa kibla, kwa sababu hapo ndipo socket ilikuwa. Na mashine ya kijivu, ukibonyeza pause, screen inakuwa nyeusi tii. Kwa hivyo miaka yote tulikuwa tunaweka pause, tunaswali, tunarudi kucheza. Shosho hakuwahi kuona kitu.

Lakini nyeusi ya Mwiki, ukibonyeza pause, picha inabaki!

Shosho akaingia na msala wake, akasimama. Mbele yake, kwa kibla, mtu wa helmet nyekundu ameinua shoka.

"Huyu ni nani mnataka tumsujudie?"

Kabla nifungue mdomo, alikuwa ameshashika extension na kuing'oa ukutani. Pyuu. Giza. Ghorofa kumi na moja zimeenda.

Sikulia. Nilifunga safu.

Baba alikuwa msikitini, kwa hivyo Salim kama mwanaume mkubwa ndani ya nyumba ndiye alituswalisha. Rakaa ya pili, katikati ya Alhamdu, akanyamaza. Sura ambayo mtoto wa miaka minne anaijua. Halafu akaendelea.

Tulipotoa salamu, Idi ndiyo huyo anaingia na mtungi wa maziwa, vumbi mpaka kwa nyusi. "Nani ameshinda?"

Nikamwambia ukweli wangu. "Nimekuchezea. Kumi na moja kwa kumi na moja, Shosho akazima. Ni sare. Kila mtu na yake."

Kwa version ya kwetu, namba ya ghorofa inaandikwa ukishaingia ndani ya ghorofa. Mimi nilikuwa bado ngazini. Kumi na moja.

"Sio sare," Salim akasema.

Idi akaweka mtungi chini kwa nguvu. "Unaanza, eh? Sasa unataka kutudanganya kwetu?"

"Nyamaza Idi. Kwa nyeusi namba inabadilika ukikanyaga ngazi. Huko juu kwa kona. Ilikuwa inasema kumi na mbili. Nimeiona nikienda kutawadha."

Idi akageuka kuniangalia mimi.

"Nilikuwa nimeamua kunyamaza," Salim akasema, na alikuwa anaangalia msala sio sisi. "Hakuna mtu angejua. Halafu nikasimama mbele yenu, nikasahau Alhamdu."

Shosho alimvuta mkono akamkalisha karibu na yeye, akamwekea mahamri tatu. "Kula. Leo umefunga kweli."

Salim alikula. Halafu akainuka, akazungushia pad waya wake, akaweka mashine yake nyeusi juu ya ile yetu ya kijivu. Wiki ilipoisha alirudi Mwiki na begi tupu, na hakunung'unika hata siku moja. Shule zilipokaribia kufunguliwa nilimpelekea mashine yake mimi mwenyewe. Nikamfundisha dufu kwa goti, dum dum tak, mpaka akapita ghorofa ya kumi na tatu.

Wakuu, niliacha shule mapema, nikamalizia masomo ya jioni nikiwa na watoto. Sina maneno makubwa. Lakini nilichojifunza ni hiki. Usitukane version ya mtu hujaishika. Ya kwetu ilikuwa na macho, ya kwao ilikuwa na sikio, na waliozitengeneza wote walijitahidi na walichokuwa nacho. Na la pili, ambalo ni kubwa kwangu: Mungu ananijua, kama ningemalizia zile hatua mbili ningeshinda game, na nisingewahi kujua binamu yangu ni mtu wa aina gani.

Haya, mlicheza wapi nyinyi? Kijivu ama nyeusi? Kuna mtu alifika paa la lile jengo? Niambieni kuna nini huko juu, nimengoja miaka mingi!

Na wewe rafiki yangu niliyeanza na wewe, usiiache hapa. Kuna mtu unayemjua aliwahi kusema ukweli ukimuumiza yeye mwenyewe, na hakuna aliyemshukuru. Mtumie hii leo.